Mlinzi wa Tilly

Barua pepe ya kwanza asubuhi ile ilitoka Manitoba, Kanada, na Marlys Vondra aliisoma akiwa bado na koti mwilini. Mtu asiyemjua aliandika kwamba Tilly imemwokoa, kazi ya wiki nzima ameimaliza kabla ya chakula cha mchana. Marlys akaanza kutabasamu. Kisha akafika mwisho wa barua: "Tafadhali nifikishie shukrani zangu kwa Renata, maana ndiye aliyenijibu maswali yangu yote."

Akavua koti, akalitundika. Akaifuta ile barua.

Tilly ilikuwa programu yake yeye. Aliiandika kwa Python, lugha ya kompyuta, wakati Leo, mumewe, anaugua, akikaa kando ya kitanda na kompyuta mapajani akisubiri mgonjwa asinzie. Akaipa jina la mbwa wao, kwa kuwa mbwa yule hapakuwa na kitu kilichofukiwa asichokifukua. Kazi ya Tilly ilikuwa kuchukua vipimo vya visima vya wakulima, kuvipanga kwenye ramani iliyokatwa miraba kama daftari la hesabu, na kuvikabidhi kwa modeli ya maji ya chini ya ardhi, ile inayoonyesha maji yanaelekea wapi, nani anayavuta, na kijito gani kinapungukiwa. Leo alipozikwa, Marlys hakuiuza. Aliiweka mtandaoni iwe programu huria. Atakaye aichukue, aisome mpaka ndani, na akiona kasoro aitengeneze.

Ila rekebisho haliingii hivi hivi. Hutumwa kwa mwenye programu, naye hulisoma, akalikubali au akalikataa. Mlangoni pa Tilly alisimama Marlys peke yake. Na ofisi ya maji ya wilaya yao, huku Nebraska magharibi, alikofanya kazi Marlys, ilikuwa na sheria yake: hesabu zinazokwenda mbele ya bodi zifanywe kwa Tilly iliyopita mlangoni kwa mwenyewe, si kwa nyingine.

Renata Quiroz alianza kama jina tu kwenye skrini. Binti wa Greeley, Colorado, anatuma marekebisho madogo madogo yenye adabu. Marlys aliyapenda. Ni Marlys mwenyewe aliyemwambia Gaylen Tuma, meneja, "Huyu mchukue kabla hajachukuliwa na wengine." Gaylen akamchukua. Na tangu binti yule aweke kikombe chake juu ya meza ya dirishani, kila jambo jema lililoingia ofisini lilipitia kwake kwanza. Wakulima waliovua kofia mlangoni walikuwa wakimwulizia Marlys, sasa wanauliza, "Yule msichana yupo?" Gaylen akinunua kolache, vile vikate vitamu vya plamu, sanduku hufunguliwa dirishani. Wenye mkutano wa Denver wakaandika wanataka mtu wa kuwaeleza habari za Tilly, na aliyealikwa ni Renata.

"Twende wote, Bi Marlys," Renata alimwambia siku ile. "Mimi nitaeleza nini wakati mwenyewe upo?"

"Nenda tu. Wewe ndiye wanayemjua."

Alisema kwa sauti laini kabisa. Marlys alikuwa mtu wa kanisani, hakujua kugombana. Alijua kunyamaza, na alinyamaza kwa namna ambayo mtu akiiona anaweza kuidhani upole.

Sasa lilikuwapo rekebisho moja la Renata ambalo lilikuwa limekaa mlangoni tangu theluji ya mwisho iyeyuke. Marlys aliliona kila akifungua kompyuta. Hakulifungua. Alikwisha kujua, au alijiambia amekwisha kujua, litakavyokuwa: jambo lake la zamani limefanywa zuri zaidi, kwa maneno machache, mpaka lake lionekane kazi ya mtu aliyekuwa anasinzia.

"Bi Marlys," Renata alimwuliza karibu na mtungi wa kahawa, "ulipata nafasi ya kuliangalia lile rekebisho langu?"

"Lipi? Yako mengi."

"La kuhesabu mistari. Ningeomba uliangalie kabla ya kikao cha bodi. Mimi naona kama kuna kitu, lakini huenda nimekosea, wewe ndiye unayejua ulivyopanga."

"Nitaliangalia."

"Hata leo mchana tukikaa pamoja, dakika kidogo tu..."

"Nimesema nitaliangalia, mwanangu."

Neno hilo la mwisho lilitoka baridi. Renata akashika kikombe chake kwa mikono miwili, akarudi dirishani.

Kikao chenyewe kilihusu kijito kilichokuwa kinakauka, na visima vya kufungwa ili kipone. Hesabu za mwanzo alizifanya Renata wakati wa baridi. Kisima kilichoonekana kukinyonya kijito kuliko vyote kilikuwa cha Verlin Schaaf. Verlin alikuwa amebeba jeneza la Leo. Walisali kanisa moja, naye hupanda mahindi katika ardhi aliyoilima babu yake.

Marlys alisikitika, ndiyo. Lakini kilichomkalisha mezani Ijumaa ile na kumfanya afungue kazi ya Renata si huruma. Alikwenda kutafuta kosa. Alipita mraba kwa mraba kama mama mkwe anayepitisha kidole juu ya kabati, na akalipata. Kisima cha Verlin kilikuwa kimewekwa ukingoni mwa kijito kabisa. Marlys alikijua kisima hicho. Kiko nyuma ya ghala la nafaka, juu, kule Leo na Verlin walikokuwa wakiwinda kanga wa porini wa huku. Kwenye ramani kimeteremshwa mstari mmoja mzima kusini.

Akacheka peke yake, taratibu. Kosa hili kila mtu wa kazi yao amewahi kulifanya. Python huanza kuhesabu kwa sifuri: mstari wa kwanza huuita sifuri, wa pili huuita moja. Modeli ni kongwe kuliko Python, nayo huanza kwa moja kama watu wengine wote. Kwa hiyo namba ikitoka kwenye modeli kuja kwenye Python lazima ipunguzwe moja. Usipopunguza, kisima kinahama shamba.

"Binti wa mkutano wa Denver," alinong'ona. "Amesahau kupunguza moja."

Furaha ilimpanda mpaka masikioni. Akafunga kompyuta bila kumwambia mtu. Kikao ni Jumanne. Siku hiyo wakulima wote watakuwapo, na Gaylen, na bodi nzima. Atanyanyua mkono, aulize swali moja la upole, kisha atakaa chini. Verlin atapona, na watu watakumbuka Tilly ni ya nani. Hapo hakuona dhambi. Siku chache za kusubiri zingemdhuru nani?

Jumapili walipofika kwenye sala ya "utusamehe makosa yetu" ulimi wake uliyapita maneno kama mtu anayeruka dimbwi. Aliona, akaendelea kusali.

Baada ya ibada walishuka chini ya kanisa kunywa kahawa. Verlin alimkuta anakata keki.

"Nikatie kipande kikubwa, dada Marlys. Kesho naingia umaskini."

"Una maneno wewe. Umaskini gani?"

"Jamaa mmoja wa kule mjini Sterling anakuja asubuhi kuchukua mashine yangu ya kumwagilia. Bomba lote, magurudumu na kila kitu."

Kisu kikasimama ndani ya keki. "Verlin, kikao ni Jumanne. Bodi haijasema neno."

"Bodi itasema nini ambacho hakikusemwa kwenye zile karatasi? Wakishanifunga kisima, nani atanunua bomba la mtu asiye na maji? Bora niuze leo ikiwa mashine. Keshokutwa itakuwa chuma chakavu." Akachukua sahani yake. "Na usinitazame hivyo, simlaumu yule binti wenu. Ni mtoto mwenye heshima. Alinipigia simu mwenyewe wiki iliyopita, ananiambia, mzee, usifanye lolote kwanza, kuna kitu nimekipeleka kwa mtu, nasubiri athibitishe."

"Kwa nani?"

"Nilimwuliza hivyo hivyo. Akasema hawezi kumtaja, si mahali pake. Nami nikajiambia, huyo mtu kama angekuwa na la kusema angekwisha kulisema. Mbona umeacha kukata? Watu wana njaa."

Marlys alimpa kisu mke wa mchungaji, akatoka bila kuaga. Alifika ofisini na viatu vyake vya kanisani, akajifungulia mlango. Hakukuwa na mtu, ila sauti ya jokofu. Akakaa. Akalifungua lile rekebisho.

Renata alikuwa ameandika hivi: "Nilifanya hesabu za kikao kwa Tilly rasmi. Baadaye nikaona visima vilivyochimbwa upya vinaangukia mstari mmoja kusini. Nadhani Tilly inapunguza moja kwa visima vya zamani tu, na hivi vipya vinapita njia nyingine ambako haipunguzi. Huenda nimekosea. Kama ni kweli, cha Mzee Schaaf kimo. Nasubiri neno lako."

Verlin alikuwa amechimba upya mwaka juzi, mabomba ya zamani yalipoliwa na kutu.

Marlys aliishuka programu mpaka mahali penyewe. Palikuwa pake. Alikumbuka jioni aliyoyaandika maneno yale, Leo anakohoa, yeye ameinuka kumpa maji, kisha amerudi kuendelea pasipokuwa pale alipoachia. Binti hakusahau kitu. Aliyesahau ni yeye. Kusahau kwenyewe kungesameheka, mtu mwenye mgonjwa husahau. Lakini rekebisho lilikuwa limekaa mlangoni pake tangu theluji iyeyuke, na yeye amekaa mbele ya mlango amekunja mikono.

Hapo tena wivu ukamjia na shauri la mwisho. Mstari ni mmoja tu. Uandike mwenyewe, kwa jina lako. La Renata likatae kwa adabu, sema ulikuwa umekwisha kuliona. Na akaanza, Mungu amsamehe, vidole vikaandika. Alipomaliza akautazama. Ulikuwa ule ule wa Renata, herufi kwa herufi, maana hapakuwa na namna nyingine ya kuuandika. Marlys akaufuta. Akabonyeza kukubali, na jina la Renata Quiroz likaingia ndani ya Tilly likakaa.

Kisha akafanya hesabu upya, akampigia Verlin.

"Mwambie mtu wa Sterling asije."

"Marlys, nimempa neno langu."

"Sikiliza. Unalijua benchi la mbele kanisani?"

"Lile asilokaa mtu?"

"Hilo hilo. Programu yangu siku moja inahesabu mabenchi kuanzia hilo, siku nyingine inaanzia la nyuma yake. Ikakukalisha wewe benchi ambalo si lako, ukaonekana uko mtoni. Hauko mtoni, Verlin. Uko nyuma ya ghala lako, mahali ulipo siku zote."

"Kwa hiyo sifungwi?"

"Utaambiwa upunguze kidogo, kama majirani wote. Kufungwa, hapana."

"Basi ni yule binti aliyekiona."

"Ni yeye," Marlys alisema. "Mimi ndiye aliyekuwa anasubiriwa."

Verlin akasema, "Haya. Acha nimpigie mtu wa Sterling kabla hajafunga trela," na akakata. Hakumwita dada.

Jumatatu Marlys alivuta kiti mpaka dirishani.

"Nimelikubali rekebisho lako. Lilikuwa sahihi, tena kosa lilikuwa langu."

Renata alifumba macho kidogo. "Asante, Bi Marlys."

"Usinishukuru. Mbona hukwenda kwa Gaylen? Ungemwambia tu yule mama kazeeka, hafungui mlango."

"Tilly ni ya kwako." Binti alikuwa anazungusha kikombe. "Nilijifunza kazi hii kwa kuisoma Tilly, usiku chumbani kwangu, kabla sijakujua. Sikutaka kukupita juu ya kichwa. Ila nilikuwa nimeapa, kama kesho ingefika hujasema, ningesimama mwenyewe."

"Na ungenisema?"

"Ningekusema."

"Vizuri," Marlys alisema, na alimaanisha. Siku hiyo akamwandika Renata kuwa mlinzi wa pili wa Tilly, mwenye ruhusa ya kufungua mlango bila kumngoja mtu.

Jumanne alinyanyua mkono kama alivyopanga, ila maneno hayakuwa yale. Aliiambia bodi kosa lilikuwa la nani, nani alilipata, na nani alilikalia. Gaylen alitazama meza. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Walipotoka, wakulima walimzunguka Renata, Verlin akiwa wa kwanza, wakimshika mkono mmoja mmoja, na Marlys alipita kando yao kwenda kwenye gari lake na hakuna aliyemsimamisha. Moyo ukamchoma pale pale pa zamani. Alikuwa amedhani kuungama kungepaponya.

Wiki iliyofuata ilikuja barua nyingine, safari hii ya Saskatchewan. Mtu amefurahi, Tilly ni nzuri ajabu, afikishiwe Renata salamu. Marlys aliisoma mpaka mwisho. Kidole kikaenda chenyewe mahali pa kufutia.

Akainuka, akamimina kahawa, akainywa amesimama. Kisha akarudi, akaipeleka barua dirishani kama ilivyo, na juu yake akaandika: "Hii ni ya kwako."