Maji Yasitembee

"Nani amefungua maji?" Fundi alipaza sauti ngazini.

Bomba lilikuwa limeanza kuota ukungu mweupe kandokando ya mfuko aliolivika. Gesi ya baridi aliyoipulizia humo ilikuwa ikifanya kazi, maji ndani yakishikana kuwa barafu, na koki mbovu iliyo chini ilikuwa karibu kuacha kuvuja. Kisha bomba likanguruma. Maji yakatembea, barafu changa ikayeyuka, koki ikarudia kutema. Mtungi wa gesi ukaisha. Ulibaki mmoja.

Alitamani kuubamiza ukutani. Aseme mara ngapi? Asubuhi alipita mlango kwa mlango akaeleza polepole: koki imekufa, haifungi wala haifunguki. Kuibadilisha bila barafu ni kumwaga tangi lote la juu ya paa, na maji ya mji yamekatika, hakuna ajuaye yatarudi lini. Barafu itayashika maji juu wakati yeye anakata chini, lakini maji yanayotembea hayagandi. Jazeni ndoo zenu sasa, aliwaambia, halafu msiguse tena. Wote waliitikia kwa vichwa. Ghorofa ya juu kabisa alilala dada yake na mtoto wake ambaye hata kitovu chake hakijadondoka. Tangi likikauka, hao ndio wangeumia kwanza.

Alipanda akihema, akiufuata mlio wa maji, nao ukamfikisha kwa dada yake mwenyewe. Mama yao alikuwa jikoni, mikono imelowa hadi viwiko. Ndoo zimejaa. Beseni limejaa. Sufuria, majagi, vikombe, vyote pomoni, na sasa alikuwa akikinga kwa bakuli la sukari.

"Mama. Kumbe ni wewe?"

"Nakinga kidogo tu, mwanangu. Kazi yako ikiharibika je? Mjukuu wangu aoge mate?"

"Itaharibika kwa sababu unakinga." Sauti ilimpanda, akaishusha kwa ajili ya mtoto. "Nimebakiwa na mtungi mmoja. Hata kikombe kimoja kinatosha kuniangusha."

"Usinifokee."

"Sifoki." Alikuwa anafoka.

"Kaka, shuka naye," dada yake akasema kutoka kitandani. "Nikimwambia aache, ananiambia nilale."

Mama alinuna, lakini alifunga maji, akashuka, akaketi kwenye ngazi karibu na bomba. Fundi akafungua mtungi wa mwisho. Ukungu ukaanza kupanda tena, na mama akanyoosha kidole.

"Usiguse, itakuunguza."

"Baridi nayo inaunguza?"

"Inaunguza, Mama."

Akarudisha mkono mapajani. Matone yakachelewa, yakachelewa zaidi, yakakoma. Fundi hakuamini haraka. Alisikiliza jengo zima, akichukia kila mlango uliogongwa, kila kikohozi, kwa maana yeyote angeweza kushikwa na kiu na kusahau. Alichoka kutegemea watu asiowaona. Lakini gesi haikuwa ya kumngoja, akashika msumeno.

Chuma kililia muda mrefu. Koki ikaanguka sakafuni, mdomo wa bomba ukabaki wazi na mkavu, na tangi zima juu yake likashikiliwa na kipande cha barafu. Aliinama kuitafuta koki mpya mkobani.

Alipogeuka, mama yake alikuwa amepiga magoti chini ya bomba. Alikuwa ameunganisha viganja vyake viwili, amevikinga chini ya mdomo ule, na wala hapepesi macho.