Baba Kwenye Foleni ya Mtihani

Mtihani wa mwisho wa udaktari wa familia una sharti moja: mgonjwa anatolewa kwenye foleni ya zahanati, yeyote yule, ilimradi mtahiniwa hamjui. Akiwa anamjua, mtihani unafutwa. Na mtahiniwa wetu, binti mmoja, alishafeli mara moja. Mlango ukafunguliwa, akaingia nani? Baba yake mzazi, na koti la harusini!

Binti nusura ameze kalamu. Pembeni ameketi mtahini, mama mkavu asiyecheka ovyo.

"Hujambo, daktari?" mzee akawahi. "Mbona wanitumbulia macho? Hujaona mzee mtanashati?"

Kwa vituko huyo hajambo. Binti akamfunga kipimo cha presha mkononi. Ilikuwa juu, tena juu kweli kweli. Na kila Jumapili nyumbani humuuliza, "Baba, dawa unameza?" naye hujibu, "Bila kukosa." Muongo mkubwa! Binti alitamani kumfokea palepale, ila mbele ya mtahini angemfokeaje mgonjwa?

"Mzee, hizi dawa zinakusumbua nini?" akauliza taratibu.

Mzee akashusha pumzi. "Nimeziacha tangu mwezi wa pili. Zinanipeleka chooni kila saa. Na mimi asubuhi nacheza drafti na fundi viatu, mwizi yule! Nikiinuka tu, narudi kete zangu mbili hazipo."

Mtahini akakohoa, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

"Mnamaliza saa ngapi?" binti akauliza.

"Saa sita."

"Basi meza saa saba, ukisharudi nyumbani. Wiki ijayo njoo nikupime tena."

"Kumbe ni hivyo tu!" Mzee akainuka, lakini mlangoni akageuka. "Nina binti anasomea kazi hii hii. Yule haulizi, ananisomea mashtaka. Haya tuliyoongea asiyajue, atanichamba."

Maneno hayo yalimchoma binti, maana yalikuwa ya kweli.

"Hatayajua, mzee."

Mlango ulipofungwa, akashindwa kuvumilia. "Yule ni baba yangu," akasema, machozi yakimlengalenga.

"Pua ile kama yako ningeitambua hata gizani," mtahini akajibu. "Nilikuwa nangoja tu kuona kama utasema." Akaichana karatasi ya alama vipande viwili, akatoa nyingine mpya. "Futa machozi. Mwite anayefuata, na umuulize kama ulivyomuuliza baba yako."