Mapera ya Getruda

Hilari alikuwa anakanda unga wa biskuti jikoni kwa Bwana Malale, siagi imemjaa vidoleni, tarishi Wenceslaus alipoingia na kapu la mapera. Nyuma yake akaingia Getruda, marehemu mke wa Hilari. Alijikung'uta vumbi miguuni, akakaa juu ya gunia la makaa.

"Wewe tarishi, umechuma wapi haya?" Hilari akauliza.

"Isungwa. Memsabu kataka matamu."

"Mpera wa kaburini?"

"Si ndio uliozaa?"

"Na hukuomba?"

"Nimwombe nani, mzee? Kijiji kitupu kile!"

"Nilikuwepo," Getruda akasema.

Isungwa tunda la kaburini huombwa kwa mwenye kaburi. Ukichuma kimyakimya, mwenyewe hulifuata. Kila mtoto wa huko analijua hilo. Wenceslaus naye alilijua, ila kofia ya serikali hubana kichwa.

Kijiji kilifungwa na huyohuyo Bwana Malale, ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Alikuja na ramani, akasema mbung'o wanaleta malale, watu wahamie kambini, nyumba zichomwe, atakayerudi afungwe. Getruda alizikwa wiki hiyo ya moto, mbiombio, hata matanga hayakukaliwa. Tangu hapo Hilari anaomba ruhusa akapalilie kaburi, na anajibiwa mbung'o. Mbung'o hao hawamuumi tarishi akitumwa matunda. Labda wana adabu kwa wanaotumwa na wakubwa.

Jumamosi hiyo wazungu walialikwa chai, kwa sababu Bwana alikuwa amepewa nishani ya kuokoa watu. Memsabu alimwahidi Hilari kwamba biskuti zikipendeza, atamsemea kwa Bwana habari ya kaburi.

Basi Hilari akazikata duara, akazioka. Getruda akamenya mapera, akatoa mbegu, akayachemsha na asali mpaka yakawa mekundu, akaanza kuyapanga juu ya biskuti, kipande kimoja kimoja.

"Asali imezidi, baba Modest."

"Ndivyo wanavyopenda."

"Magugu yamenifika kifuani. Wewe uko hapa unapika vitamutamu."

"Nimeomba ruhusa, mama Modest. Kila mwezi naomba."

"Unamwomba huyo? Kwani kaburi ni lake?"

Hilari akafuta sinia.

Barazani wageni walikula wakalamba vidole. Getruda ndiye aliyepitisha sinia, kwa sababu Hilari alikuwa na birika. Memsabu akauliza huyu ni nani.

"Marehemu mke wangu, Memsabu. Amefuata mapera yake."

Memsabu akasema angalau angevaa aproni.

Bwana Malale akajipangusa masharubu. "Ametoka Isungwa?"

"Ndiyo, Bwana."

"Ana cheti cha kutoka?"

Hakuwa nacho. Bwana hakukasirika. Wakubwa wa namna hii hawana haja ya kukasirika. Alisema Isungwa imefungwa, haingiliki wala haitokeki, na sheria haikubagua mzima na mfu. Arudishwe kabla jua halijazama.

"Nimsindikize, Bwana," Hilari akasema.

"Wewe huna ruhusa ya kuingia. Tarishi atampeleka."

Hilari akamtazama Memsabu. Memsabu akatabasamu, akasema kweli biskuti zimependeza, zimependeza mno, hivyo mpishi kama huyu haachiliwi akaumwe na mbung'o. Jumamosi ijayo wanakuja wageni wengine. Tarishi akimaliza kumrudisha mama, arudi na kapu kubwa zaidi.

"Niombe safari hii?" Wenceslaus akanong'ona.

"Omba," Getruda akamjibu. "Nitakunyima."

Hilari akawasindikiza hadi penye ua, ambapo ruhusa yake iliishia.

"Nikifa nitakuja," akasema.

"Utakujaje? Siku hizi wanazikwa kambini."

"Basi nitatoroka."

"Bila cheti?" Getruda akacheka, akamrekebishia kola, akamfuata tarishi njia ya porini.

Kengele ikalia barazani. Walikuwa wanataka biskuti zilizobaki.