Kikohozi cha Mzee Aboubakar

Kila asubuhi, baada ya sala, Shakila alikanda unga wa maandazi, akawasha mkaa, akachemsha chai ya tangawizi vikombe viwili. Kimoja alikunywa mwenyewe. Cha pili alikipandisha juu ya kabati, karibu na paa, kwa ajili ya kikohozi cha mumewe.

Aboubakar alizikwa Gitega, Burundi, mwaka 1999. Kikohozi chake hakikwenda makaburini. Kilibaki sebuleni, chini ya paa aliloliezeka mwenyewe, kikavu, kikitoka tatu-tatu. Watu wa mtaa wa Waswahili wakipita dirishani walikisalimia, kikaitika, wakaenda zao sokoni.

Kwa miaka thelathini Aboubakar alikata mabamba ya saruji yaitwayo fibrosima kwa msumeno, yakiwa makavu, akaezeka shule, maghala na nyumba za wakubwa. Ndani ya mabamba hayo kuna amianti, yaani asbesto, uzi mwembamba kuliko nywele, ambao ukishaingia kifuani hautoki. Kila furushi lilikuja na karatasi ya Kifaransa. Bwana wa kazi alijua kuisoma na hakumsomea mtu. Jina lake tunalikumbuka mpaka leo. Yeye ndiye hakuwahi kuyajua yetu. Karatasi alizitupa, na Aboubakar, mume mwema, aliziokota akamletea mkewe azifungie maandazi. Hivyo nusu ya Gitega ililamba mafuta juu ya maneno haya: lowesha kabla ya kukata, usivunje, usivute vumbi lake.

Binti yao Nadia alipojifunza Kifaransa shuleni, ndiye aliyewasomea. Aboubakar alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akakohoa.

"Mama Nadia, kumbe tumewagawia watu dawa miaka yote, sisi wenyewe hatukunywa!"

Shakila aliihifadhi karatasi moja, yenye doa la mafuta, chini ya godoro. Ilisema pia kwamba bamba zima, lisiloguswa, halina neno. Wakaliacha paa. Nadia akaolewa na mtu wa Butihinda, huko Muyinga, na mwaka 1996 vita vikamvusha mpaka, akaingia kambini Tanzania.

Mwaka 2003 bomu liliangukia barabarani, nyuma ya nyumba. Mabamba matatu yakapasuka. Vumbi jeupe likaanza kushuka juu ya kitanda, na kikohozi hakikulala tena. Wiki ileile habari ikafika kwamba Nadia anarudi na mwanawe Hidaya, miaka saba, ambaye Gitega hakuna aliyewahi kumwona. Shakila akaazimia: mjukuu wake hatalala chini ya vumbi lile.

Alimwita Bahati, fundi aliyefunzwa kazi na marehemu. Bahati alikuja na nyundo na msumeno. Alipoweka ngazi ukutani, kikohozi kilitoka kwa ukali mara tisa mfululizo.

"Weka chini hiyo nyundo," Shakila alisema. "Hataki."

"Mzee Abu! Hata kaburini bado ni kapita wa kunisimamia?" Bahati aliliuliza paa. Paa likamkoholea. Akaiweka chini.

Kazi ikafuata karatasi, na palipokosewa kikohozi kikasahihisha. Walitoa vitu vyote nje, majirani wakakaa mbali. Walivaa barakoa ngumu zilizotoka hospitali, maana kitambaa hakizuii uzi ule. Walimwagia mabamba maji ya sabuni mpaka yakatiririka. Bahati alifungua parafujo moja moja, akateremsha kila bamba kwa kamba, polepole, kama anayeshusha mgonjwa. Bamba lilipoanza kulia pembeni kikohozi kilitoka mara moja, fupi, naye akasimama, akaongeza maji. Hapakufagiliwa kitu kikavu. Vipande na vumbi viliokotwa kwa matambara yaliyolowa, nguo za kazi zikafungwa pamoja navyo.

Magharibi mabamba ishirini na mawili yalikuwa yamefungwa ndani ya shitingi, turubai la plastiki. Kikohozi kilikuwa humo, kikisikika kwa mbali, kama mtu aliyejifunika blanketi. Nyuma ya nyumba shimo refu lilikuwa tayari. Shakila alipapasa shitingi.

"Kesho utapumzika, Baba Nadia."

Asubuhi, kabla hawajafukia, alifika afisa wa ujenzi wa dharura na lori. Mabamba yalihitajika kwa darasa la waliorudi kutoka uhamishoni. Shakila alimpa karatasi. Afisa aliisoma yote, kwa Kifaransa safi, akaikunja vizuri, akaitia kwenye faili.

"Sikiliza basi," Shakila alisema.

Afisa aliinamisha sikio kwenye shitingi, akasikiliza. Kisha akaandika: mabamba 22, kikohozi 1. Akampa Shakila asaini. Hakusaini. Lori likaondoka.

Shakila aliezeka vigae vya udongo, vilivyokuja kwa baiskeli kutoka Nyarusange. Nyumba ikawa safi na kimya. Kitanda cha Hidaya kilitandikwa shuka la maua.

Aliyekuja ni Cibalonza, Mkongomani anayeuza vitenge kati ya Muyinga na Gitega. Nadia hakuruhusiwa kupita; waliorudi waliandikishwa kwenye komine, yaani tarafa, ya mume.

"Batu bako salama, mama. Bako Butihinda. Hidaya ameshaanza masomo."

"Darasa lipi?"

Cibalonza alimalizia andazi lake kwanza.

"Ile ya paa ya kuvunjika. Mi nimemusikia na haya masikio yangu, mzee iko anakohoa tatu-tatu. Mwalimu anaita majina ya batoto, akimaliza anamungojea. Mzee akishakohoa, somo inaanza. Hidaya anabeba chai ya babu yake kila siku. Anasema babu anamupenda yeye kupita bengine."

Shakila akatabasamu, akafuta macho kwa upindo wa mtandio. Babu na mjukuu walikuwa wameonana.

"Mwambie Nadia amhamishe mtoto."

"Darasa iko moja tu, mama."

Shakila alifunga tangawizi kwa ajili ya chai. Alitafuta karatasi ya kufungia maandazi ya Hidaya, akakosa, akatumia jani la mgomba. Karatasi yenyewe iko ofisini, ndani ya faili, imetunzwa vizuri sana.