Fundi wa Njoo Kesho

Mtaani walimwita Bi Kesho, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa fundi cherehani wa kusifiwa: mishono yake ilinyooka, kola zake zilitulia shingoni, na mtu akivaa gauni lake alitembea kama anayejua anakokwenda. Shida ilikuwa kulipata hilo gauni. Ukienda siku mliyoahidiana unamkuta kainamia cherehani, pini mdomoni, na kabla hujasalimu anakwambia, "Njoo kesho, limebaki vifungo tu." Kesho ukirudi, limebaki pindo. Keshokutwa umeme ulikatika. Na wewe uliyetoka nyumbani umejiapiza kwamba leo patachimbika, unajikuta umeketi kwenye benchi lake, unakunywa chai na kumsimulia vituko vya shemeji yako, kisha unaondoka mikono mitupu na moyo mweupe. Alikuwa na kipaji hicho pia.

Kwa hiyo alipoanza kumaliza nguo za watu, mtaa ulishtuka.

Alianza na suruali za fundi bomba, ambazo mwenyewe alishazisamehe na kununua nyingine dukani. Zilimfuata mpaka nyumbani kwake, zimepigwa pasi. Mwalimu wa shule ya msingi alipewa sketi yake kabla ya siku ya ahadi. Akaigeuza ndani nje akitafuta kasoro, hakuiona, akaondoka bila kuaga vizuri. Wengine walisema fundi kanunua cherehani mpya. Wengine walisema kaokoka. Mama mwenye nyumba, ambaye hakuna jambo la mtu lisilomhusu, alisema mtu habadiliki hivi hivi, hapo pana kitu. Safari hii, sijui ilikuwaje, mama mwenye nyumba alisema kweli.

Kitu kilikuwepo, na kilikuwa kwapani.

Alikikuta akijaribisha gauni la mteja mmoja aliyelingana naye mwili. Alilivaa likiwa limepigwa bandi tu, zile nyuzi ndefu za kushikizia kabla ya kushona, akapitisha vidole chini ya mkono wa kushoto kuona kama bitana imekaa. Akagusa fundo. Akajilaumu kwa kuacha fundo la uzi mahali pa kumkwaruza mtu. Akalivua gauni, akaligeuza, akapapasa mshono wote. Ulikuwa laini. Akajipapasa mwenyewe, na fundo lilikuwa pale pale.

Tangu hapo hakuwa na amani. Uvimbe haukuuma, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu alishasikia, wapi hakumbuki, kwamba visivyouma ndivyo vibaya. Alikuwa na kopo la vifungo. Akachambua mpaka akapata kimoja kinacholingana nao, kifungo cha shati, akakiweka kwenye mtoto wa meza kiwe kipimo. Asubuhi uvimbe ulikuwa mdogo kuliko kifungo, naye akafungua duka akiimba. Jioni ulikuwa kama kifungo cha koti, na chakula kikamshinda. Aliubonyeza mpaka pakaanza kuuma, kisha akaingiwa na hofu kwa sababu panauma. Mwanamke aliyeweza kukata kitambaa bila kuchora alishindwa kujiambia kwamba mtu akijifinya kutwa nzima lazima paume.

Hospitali haikuwa mbali. Kliniki ya mambo kama hayo ilikuwa kila Alhamisi, na njia aliijua. Alhamisi ya kwanza alisema, ngoja nimalize sare za kwaya. Iliyofuata alisema, ngoja nimalize gauni la harusi, siwezi kumwacha bibi harusi uchi. Miaka yote alikuwa akiwapiga watu chenga, na sasa alikuwa akijipiga chenga mwenyewe, tena kwa maneno yale yale.

Hakuogopa kufa tu. Aliogopa kufa na vitambaa vya watu. Aliyaona mazishi yake waziwazi: watu wamejaa uani, mumewe kashika tama, na nyuma kabisa kuna mtu anamvuta mwenzake pembeni amuulize, samahani, hivi suruali yangu nitamdai nani? Wazo hilo lilimchekesha, kisha likamliza, akiwa peke yake na mguu juu ya pedali. Mumewe hakumwambia. Alikuwa mtu mwema, lakini mkewe akipiga chafya tu aliita ukoo mzima, na fundi hakuwa na nguvu za kumbembeleza mgonjwa wa pili.

Mwisho ikabaki nguo moja, gauni la wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa akiuza vyombo vya plastiki kwenye duka la jirani. Kitambaa chake cha rangi ya damu ya mzee kilikaa rafuni kwa fundi mpaka mkunjo wa juu ukaanza kupauka. Kila asubuhi akipita aliuliza, "Wifi, gauni langu limezaliwa?" Na fundi alijibu, "Mimba changa. Njoo kesho." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao.

Jumatano mchana fundi alimpelekea gauni, limekunjwa, limenyooshwa, vifungo vyote vipo. Wifi alikuwa kapanda kwenye kigoda anapanga ndoo. Akalitazama gauni, akamtazama aliyelileta, akashuka polepole.

"Unamwacha kaka yangu," alisema.

"Nani kakwambia?"

"Nakuuliza. Watu wote umewamalizia nguo zao, sasa na mimi. Mtu wa hivyo anafunga mizigo. Kama kakukosea sema, nianze naye mimi."

"Kaka yako hana kosa. Chukua gauni lako, wifi."

"Sichukui."

"Si umelidai mwaka mzima?"

"Nimelidai kwa sababu najua hunipi." Wifi akaketi juu ya ndoo aliyoifudikiza. "Una nini? Siku hizi ukiongea, mkono uko kwapani. Nilidhani upele, nikanyamaza."

Fundi alifungua mdomo aseme ndiyo, upele. Uongo ulikuwa karibu, na katika uongo mdogo mdogo hakuwa mgeni. Badala yake akaushika mkono wa wifi yake, akauingiza chini ya blauzi, mpaka mahali penyewe. Kisha akakaza macho kwenye masinia yaliyoning'inia ukutani, akasubiri.

Wifi alipapasa. Hakusema si kitu, wala hakusema pole. Vidole vyake viliuzunguka uvimbe, vikauacha, vikaurudia.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoanza kuwa fundi mzuri."

Wakacheka, kicheko kibaya kilichoishia kwenye kamasi. Wifi akajipangusa uso kwa mkono wa gauni jipya.

"Unalichafua," fundi alisema.

"Langu."

"Naogopa, wifi," fundi alisema. "Nilitaka nisibaki na kitu cha mtu. Nikienda kule, waseme watakalosema, niwe nimeacha mezani peupe."

"Kesho ni Alhamisi."

"Kesho nina..."

"Huna. Umemaliza vyote. Utasingizia nini?"

Kweli hakuwa na cha kusingizia. Alirudi kwake akasimama mbele ya meza. Hapakuwa na hata kipande cha kitambaa. Mkasi tu, na chaki. Siku zote hizo aliamini kwamba akiiona meza hivyo atapumua. Sasa aliiona, na ilimtisha kuliko uvimbe wenyewe, kwa sababu ilikuwa meza ya mtu ambaye hayupo.

Asubuhi wifi alimpitia, na mfuko wa plastiki mkononi. Hospitalini waliketi kwenye benchi refu lililokuwa likinuka dawa ya kusafishia sakafu. Watu walikuwa wengi na hakuna aliyeongea. Ili asifikirie, fundi alikagua nguo za foleni nzima. Mzee wa mbele alikuwa na mfuko wa shati uliokaa upande. Binti wa pembeni alikuwa kashonewa zipu na mtu mwenye haraka zake. Kila baada ya muda mkono ulipanda kwapani, na kila ulipopanda wifi aliushusha, akaurudisha mapajani.

Walipobakiza mtu mmoja mbele yao, wifi akafungua mfuko, akatoa gauni.

"Mkono umefumuka," alisema.

Fundi alilichukua. Mkono wa kushoto ulikuwa umeachia kuanzia kwapani mpaka begani, ukining'inia. Damu ikamchemka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alisahau kabisa kilichomleta.

"Huu haukufumuka. Mshono wangu haufumuki. Huu umekatwa na wembe."

"Nimejikata na kidole," wifi akasema, akamwonyesha. "Uzi wako mgumu kama roho yako."

"Sasa ndiyo nini hii? Kazi yote ile?"

Wifi alikuwa akitazama sakafu. "Jana nilipita kwako ukiwa umeshafunga. Nikachungulia dirishani, nikaiona ile meza. Sikuipenda. Nataka nikudai."

Fundi aliupitisha mshono ule uliochanwa kati ya vidole vyake, polepole, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Ulikuwa umeharibiwa vibaya; kitambaa kilitatuka sehemu mbili, ingebidi kuweka kiraka kwa ndani, tena uzi wa rangi ile ulikuwa umemwishia. Ilikuwa kazi ya kutwa, na kwa mwendo wake anaoujua mwenyewe, kazi ya miezi. Machozi yalimjaa akayaacha yashuke.

Mlango ukafunguliwa. "Anayefuata," nesi akaita.

Fundi akasimama. Akalikunja gauni vizuri, mkono uliochanika ukiwa ndani, akamwekea wifi yake mapajani.

"Nitalipata lini?" wifi akauliza.

"Njoo kesho," fundi akasema. Akapiga hatua kuelekea mlangoni, kisha akageuka. "Na ukija usiponikuta, usilipeleke kwa fundi mwingine. Nisubiri."

"Nitasubiri," wifi akasema. "Nimezoea."