Kidevu cha Namba Tano

Warigia alikuwa na ndevu. Tuanze hapo, kwa sababu yeye mwenyewe alichukua miaka kumi na tano kufika hapo. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuwa nyeusi, ngumu, na zenye bidii kuliko mwenyewe: akizinyoa kabla ya chai ya asubuhi, saa kumi jioni zimeshachungulia kuona nani yuko. Mkobani hakukosa kibano cha kung'olea na kioo kidogo ambacho aliwaambia wenzake kazini ni cha kuangalia lipstiki. Hakuwahi kupaka lipstiki hata siku moja, na hakuna aliyemuuliza, kwa hiyo akaamini amewaweza.

Alikuwa muuzaji katika duka la friji na televisheni mjini Thika, na kwa ulimi alisifika. Mteja aliingia akitaka friji ndogo ya maziwa, akatoka na ya milango miwili inayotengeneza barafu, ilhali kwao stima hupotea kila wiki. Siri yake ilikuwa moja tu: chombo chenye jina refu hujiuza chenyewe. Kumbuka hilo, maana ndilo lililomchoma baadaye, na ninaposema kumchoma sitanii.

Mwanamume wake aliitwa Kisilu, fundi wa kuchomelea mageti pale Witeithie, kwao Ngoliba, mtu mpole wa maneno ya kuhesabika. Walikuwa wamependana miaka miwili, na kwa miaka hiyo yote Warigia alihakikisha kidevu chake na shavu la Kisilu havijuani. Wakisalimiana alimkumbatia huku uso ameuinua juu, kama mtu anayeangalia kama mvua itanyesha. Sasa watu wa Ngoliba walikuwa wamekubali kuleta ruracio, yaani mahari, Kalimoni, nyumbani kwa kina Warigia, mwezi wa kumi na moja. Baada ya posa ni harusi, na baada ya harusi ni nyumba moja na asubuhi moja. Ataamka siku moja kabla sijanyoa, Warigia aliwaza, aone amelala na mjomba wangu Gathogo, na arudi kwao akiwa na mbuzi wake wote. Aliliamini jambo hilo kabisa, na lilimnyima raha.

Ndiyo maana mwezi wa kwanza alipanda ngazi za kliniki moja ya ngozi, juu ya duka la mbegu, mjini Thika. Muuguzi wa mashine aliitwa Mutheu, mwanamke wa makamo mwenye miwani shingoni na uso usiotaka mchezo. Alimpa fomu yenye picha sita za nyuso, kuanzia namba moja, mweupe wa maziwa, hadi namba sita, mweusi wa makaa. Achague ngozi yake. Warigia akaweka alama kwenye tatu bila hata kufikiri.

Mutheu akaitazama fomu, akamtazama Warigia, akairudia fomu.

"Dada, hii tatu ni ya nani?"

"Ni yangu. Mimi ni brown. Tangu nursery wananiita rangi ya thao, ile noti ya elfu."

"Walikuwa wanakupenda. Tatu ni Mtaliano ameota jua wiki moja. Wewe ni tano."

Kalamu ya Mutheu ikaikata tatu na kuandika tano, kubwa, kwa wino mwekundu. Warigia alihisi kama amevuliwa viatu mbele za watu. Ukweli ni kwamba kulikuwa na picha moja ya harusi ambamo alisimama katikati ya binamu wawili weusi sana, akaonekana mweupe, na aliishi kwa picha hiyo miaka ishirini.

"Skiza nikuambie vile inafanya," Mutheu alisema. "Leza haijui hii ni nywele na hii ni ngozi. Inatafuta weusi. Ikipata weusi, inachoma. Kuna mashine inaitwa Alexandrite, ni kali na haraka, lakini ni ya ngozi nyeupe. Kwako itashindwa kujua iache nini. Kuna Diode, hiyo ni ya katikati, unaenda nayo pole pole. Na kuna Yag. Hiyo inapita juu ya ngozi bila kuiangalia, inaenda chini kwa mzizi. Wewe ni wa Yag. Ni polepole, inauma, na utakuja mara sita ama nane."

Warigia alisikia neno moja katika yote hayo, nalo ni Yag. Herufi tatu. Alizijua bidhaa za herufi tatu. Ndizo alizowaonyesha wateja kwanza ili wazikatae. Na ile nyingine, Alexandrite, ilikuwa na jina la malkia. Huyu mama ananiuzia friji ndogo, alijiambia, na mimi ndiye mwalimu wa mchezo huu. Akashukuru kwa adabu zote, akashuka ngazi.

Jumamosi iliyofuata alikuwa Ruiru, upande wa Kamakis, katika saluni mpya ya urembo yenye viti vyeupe na harufu ya vanila. Msichana wa hapo aliitwa Dianah, na kope zake zilikuwa ndefu hivi kwamba akipepesa ulisikia upepo.

"Sasa mrembo! Ngozi yako iko fiti sana. Umetick tatu kwa fomu? Sawa."

"Nataka Alexandrite," Warigia alisema, kwa sauti ya mtu aliyesoma.

"Iko. Lakini kwanza tunafanyaga test, hapa chini ya taya, alafu unangoja siku mbili tuone."

"Test ya nini? Mimi huuza mashine, najua mashine."

"Wacha basi tufanye side moja tu leo," Dianah alisema, akipepesa. "Weka sahihi hapa, kwamba umekataa test."

Warigia akaweka sahihi, tena ile ndefu ya benki. Wakamvisha miwani myeusi, mashine ikapiga mara ya kwanza, na chumba chote kikanuka kichwa cha mbuzi kinachochomwa. Harufu hiyo aliijua vizuri, ni ya sikukuu nyumbani, isipokuwa safari hii kichwa kilikuwa chake. Ilipopiga mara ya tano aliuliza kwa heshima kama hivyo ndivyo inavyofaa. Ya saba Dianah mwenyewe aliizima.

Kufikia Jumatatu upande wa kushoto wa kidevu ulikuwa na malengelenge saba ya mviringo, yamepangwa safu mbili kama vifungo vya rimoti. Na ndevu zilikuwepo bado, zimesimama katikati yake bila wasiwasi. Warigia alikaa mbele ya kioo akajicheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Alilia kwa sababu ya maumivu, na kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumlaumu. Wateja wake wote wa barafu wangemwona wangefurahi.

Kisilu alipomwona aliacha kuchomelea, akavua miwani yake ya kazi.

"Umefanya nini?"

"Mafuta ya chapati. Yaliruka."

Kisilu, ambaye mikono yake ina makovu ya kila aina ya moto unaojulikana Witeithie, aliyatazama malengelenge yale saba. "Hiyo chapati iliruka kwa mistari miwili," alisema. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la dawa ya kuungua analotumia mwenyewe, akampaka taratibu kwa kidole kimoja, na hakuuliza tena. Warigia alikaa ameshikilia pumzi, si kwa uchungu, bali kwa kuwa kidole kile kilikuwa sentimita mbili kutoka kwenye siri yake.

Ngozi ilichukua miezi miwili kupona. Mwezi wa nne alipanda tena zile ngazi za Thika, akachukua fomu, akaweka alama kwenye tano, na kuisukuma mezani.

"Nilidhani wewe ni tatu," Mutheu alisema.

"Nilihama."

Mutheu alicheka kwa mara ya kwanza, akamkagua, akamjaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, akamwita tena baada ya siku tatu. Yag iliuma kama kupigwa na raba bendi iliyovutwa sana, lakini haikunuka mbuzi. Masharti yalikuwa mawili: asichomwe na jua, na kibano akitupe, maana leza huufuata unywele hadi kwenye mzizi, na aliyeung'oa ameiondolea njia. Kati ya safari na safari alinyoa tu. Safari ya tatu ndevu zilianza kuchoka. Kufikia safari ya tano, mwezi wa kumi, Warigia alipitisha kiganja kidevuni saa kumi jioni na hakukuta mtu. Alirudia mara nyingi sana siku hiyo, mpaka mteja mmoja akamuuliza kama jino linamuuma.

Wiki zote za maandalizi hakuonana na Kisilu, kisha ikafika Jumamosi ya ruracio. Hema lilijaa, watu wa Ngoliba wakakaribishwa, na ukafika wakati wa bwana arusi kumtafuta bibi arusi. Wanawake saba walisimamishwa safu moja, wamefunikwa leso kuanzia kichwani hadi miguuni, wote na soksi nyeupe ili miguu isiseme lolote. Akimchagua asiye wake, ni faini ya mbuzi. Mjomba Gathogo alishika maikrofoni na kutangaza kwamba kufunua ni marufuku na kushika ni marufuku.

"Na kusalimia?" Kisilu aliuliza.

Gathogo akawatazama wazee. "Kusalimia si makosa."

Warigia alikuwa wa tatu. Leso yake ilikuwa nyepesi, akaona kivuli cha Kisilu kikianza mwanzo wa safu. Akamkumbatia wa kwanza, Shiko, shavu kwa shavu juu ya leso. Akatikisa kichwa. Wa pili vivyo hivyo. Akafika kwa Warigia, na Warigia, kwa mazoea ya miaka miwili, akainua uso, kisha akakumbuka kwamba hana tena cha kuficha. Akaushusha. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane akambandika kidevu shavuni, laini, cha safari tano za Thika, akangoja.

Kisilu akatikisa kichwa, akaenda zake kwa wa nne.

Wa nne, hapana. Wa tano, hapana. Kwa wa sita Kisilu alikaa kidogo, akarudia shavu la pili, na uso wake ukang'aa.

"Huyu ndiye wangu!"

Leso ikatolewa. Alikuwa Tata Tabby, dada ya babake Warigia, mwenye miaka sitini na mbili, aliyejipenyeza kwenye safu kwa utundu tu. Hema likalipuka. Gathogo, akifuta machozi, akamwekea Kisilu maikrofoni mdomoni.

"Kijana, tuambie. Ulikuwa na uhakika hivyo kwa nini?"

Kisilu hajui kudanganya, na maikrofoni haikumsaidia kujifunza.

"Ni kidevu," alisema. "Wari akinisalimia, hata akijiinua, kidevu hunikwaruza. Tangu siku ya kwanza. Hapa nimekwaruzwa, nikajua nimefika nyumbani."

Spika mbili za kukodi zilipeleka habari hiyo hadi kwa majirani. Siri ya miaka kumi na tano, malengelenge saba na safari tano ilitangazwa Kalimoni nzima na mtu yule yule aliyekuwa akifichwa siri hiyo. Warigia aliona aibu ikimpanda kama moto, na akamkasirikia Kisilu kwa nusu dakika kamili. Halafu kupitia leso akamwona mamake akicheka, mkono mmoja umefunika kidevu chake mwenyewe. Akatazama shangazi wa pili. Mkono kidevuni. Ukoo mzima una ndevu, alitambua, na kila mmoja amenunua kioo chake kidogo. Akaanza kucheka humo humo ndani, leso ikitikisika, na hivyo ndivyo Kisilu alivyompata.

Wakati wa chakula Tata Tabby alimvuta kando. "Kidevu laini hivi ni cha mashine. Iko wapi?"

"Thika, juu ya duka la mbegu. Lakini Tata, watakupa fomu ya rangi. Sema ukweli. Weka tano. Ama sita."

"Sita? Mimi?" Tata Tabby alijishika kifua. "Ngai! Si mimi nimekuwa brown maisha yangu yote?"

Warigia aliporudi mezani, Kisilu alikuwa amemwekea sahani. Alikitazama kidevu cha Warigia wazi wazi sasa, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mti wake umekatwa.

"Ulizipeleka wapi?"

"Leza."

"Kumbe ndiyo ile chapati."

"Ndiyo ile chapati. Nilidhani ukiziona utarudi Ngoliba."

Kisilu akatafuna kwanza, akameza. "Zitarudi?"

"Mutheu anasema chache huenda zikarudi. Niko na miadi Jumanne."

"Enda. Ni kidevu chako." Akamsogezea sahani. "Lakini mwambie akuachie moja. Moja tu, ya kukujua nayo."

Warigia akacheka, akasogea karibu. Akamwekea Kisilu kidevu begani, mbele ya wazee wa pande zote mbili, bila kuangalia kama mvua itanyesha.