Ua wa Nyumba ya Magomeni

Mwaka 1967, vibanda vya makuti vya Magomeni vilipobomolewa na kujengwa nyumba za matofali, Yustina alitamani wanunue moja, awe karibu na biashara yake ya Kariakoo. Mumewe Albano, mchonga vinyago, alitaka kiwanja Boko, nje ya mji.

"Huko ua ni mdogo, mke wangu. Magogo ya mpingo nitayaweka wapi?"

Yustina akampeleka kuiona nyumba yenyewe. Bibi wa jirani akatoka kuwakaribisha.

"Shikamoo, bibi," alisema Albano. "Kelele za tezo nikichonga magogo hazitakusumbua?"

"Marahaba, mwanangu. Tangu tuhamie nyumba hizi mtaa umepoa mno. Mie nataka kelele."

Albano akacheka, akaketi uani na kunyoosha miguu. Miguu ikaenea, na nafasi ya magogo ikabaki.

"Tununue," alisema, na Yustina akashusha pumzi.